Kijiji cha Kuazima

Kwa karibu miaka ishirini, familia ya Kikatanga iliyotaka kumwoza binti yake mjini Brussels ilianza kwa kuuliza kama Séraphin Lufuko alikuwa na nafasi Jumamosi hiyo. Hakuwa chifu wala padri. Siku za kazi alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee huko Auderghem, ambako aliwaogesha na kuwalisha Wabelgiji ambao watoto wao walikuwa na shughuli nyingine. Jumamosi alivaa suti ya kijivu, akafunga tai, akawa msemaji: mtu anayesimama mbele ya wageni na kuzungumza kwa niaba ya baba wa bibi arusi, kwa kuwa baba mwenyewe, kwa desturi yetu, hafungui kinywa siku ya kupokea mali, yaani mahari, ya binti yake.

Alikuwa na sauti nzito isiyohitaji kupandishwa. Alijua kuchokoza bila kuumiza, na alijua ni wakati gani mzaha uishe. Lakini jambo lililomtofautisha na wasemaji wengine lilikuwa simu ya kijiji. Kati ya vitu vinavyoletwa na upande wa mume, yuko mbuzi ambaye si wa baba wala wa mama. Ni mbuzi wa nkambo, yaani wa mababu na mabibi waliotangulia, naye hachinjwi mjini. Huchinjwa katika kijiji cha asili cha baba wa binti, ili waliolala kule wajue kwamba mtoto wao ameondoka, na ameondoka na nani. Watu wa Brussels walikuwa wamezoea kutuma fedha na kusahau. Séraphin alikataa. Alidai simu ipigwe papo hapo ukumbini, sauti ikiwa wazi, mzee wa kijiji asikike akiwataja waliotangulia na mbuzi mwenyewe asikike akilia. Watoto waliozaliwa Ulaya walicheka kumsikia mbuzi akilia ndani ya simu. Mzee alipoanza kutaja majina, kicheko kilikoma.

Katika jambo hilo hakuwa na huruma. Mwaka 2007 alikuwa, mara hii, msemaji wa upande wa mume katika ndoa ya Yasmina, binti wa Sudi, Mrundi Mwislamu kutoka Bujumbura aliyeuza nguo karibu na Porte de Namur. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana kwamba dini isiwe kikwazo. Kikwazo akawa Séraphin. Alimtaka Sudi ataje kijiji.

“Sisi kwetu Buyenzi,” Sudi alijibu.

“Buyenzi ni mtaa wa mji, papa Sudi. Miye nauliza kijiji. Mbuzi itaenda wapi?”

“Babu alishuka pale akitoka Ujiji. Kabla ya Ujiji hatujui. Walimleta kamba shingoni, hawakumwonyesha ramani.” Sudi alijaribu kutabasamu. “Unataka nipige simu makaburini, papa Séraphin?”

Ukumbi ulicheka, isipokuwa Séraphin. Alisema mali haiwezi kupokelewa hewani, na akakaa. Ilibidi mjomba mmoja abuni jina la mahali fulani ng'ambo ya ziwa ili shughuli iendelee. Sudi alilia siku ile, mbele ya binti yake, akiwa ameshika kofia yake mikononi. Wengi walimwona. Wengi pia walisema kwamba Séraphin amelinda heshima ya mila.

Walichokuwa hawajui, na ambacho mkewe Mujinga peke yake alikijua, ni kwamba Séraphin mwenyewe hakuwa na kijiji.

Alizaliwa katika misheni moja kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, upande wa Katanga, katika nyumba zilizopangwa mistari kuzunguka kanisa. Waliozijenga nyumba zile walikuwa watoto walionunuliwa. Mapadri waliwanunua kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa, wakawabatiza na kuwalea, wakawaoza wao kwa wao, wakawapa mashamba ya misheni walime. Fedha zilitoka Ulaya, kwa waumini ambao waliambiwa kwamba kiasi fulani humkomboa mtoto mmoja, na kwamba anayetoa anaweza kuchagua jina atakalobatizwa mtoto huyo. Mama wa babu yake Séraphin aliitwa Hortense kwa sababu bibi mmoja wa hapa Brussels, aliyeitwa Hortense, alipenda kuwe na mtu mwingine mwenye jina lake huko Afrika.

Watu waliosoma wanapaswa kulitazama jambo hili bila kupepesa macho. Mjini hapa ziko sanamu zinazowashukuru wale waliomfungua Mwafrika minyororo. Nimesoma maandishi yaliyochongwa chini yake. Ni maneno ya watu waliojiridhisha sana. Hata mfungwa anapotoka gerezani hupewa nauli ya kufika kwao. Watoto wale walifunguliwa kamba ya shingo, wakaonyeshwa shamba la kulima na kengele ya kuamkia, na kuhusu njia ya kurudi kwao hapakuwa na aliyejisumbua. Kuacha kummiliki mtu ni jambo moja. Kumrudisha ulikomtoa, au alikotolewa na mwingine huku wewe ukinufaika, ni jambo jingine, na hilo halikufanyika. Nasi Wakatanga hatuna la kujivunia. Wajukuu wa waliokombolewa tuliwaita watoto wa misheni, tukamaanisha watu wasio na wenyewe, na tukawanong'ona kila walipokuja kuchumbia.

Wakati wa Zaire, serikali ilipoamuru kila raia aache jina la kizungu na kuchukua la mababu, baba yake Séraphin alikaa barazani siku nzima. Majirani walikwenda ofisini wakarudi na majina ya mababu zao. Yeye hakuwa na babu wa kumwendea nyuma ya bibi yake Hortense. Mwishowe akachukua jina la mto uliopita nyuma ya kanisa, Lufuko, na mwanawe akakua akilibeba kama kila mtu abebavyo jina lake.

Séraphin alifika Brussels mapema miaka ya themanini kusomea kilimo. Masomo yalikatika nyumbani kulipoacha kutuma fedha, akaoa, akapata kazi, akabaki. Nadhani usemaji wake ulitokana na uhitaji ambao hakuutamka. Kila Jumamosi alisikia majina ya mababu wa watu wengine yakitajwa moja baada ya jingine, na yeye ndiye aliyeufungua mlango wa majina hayo. Mtu mwenye njaa huweza kuwa mpishi hodari.

Mwaka 2012 binti yao pekee, Anaïs, aliyekuwa muuguzi, aliposwa na kijana aitwaye Désiré. Baba wa Désiré alikuwa amefariki. Aliyesimamia ukoo alikuwa baba yake mdogo, tonton Ghislain, mhasibu katika ofisi karibu na Porte de Namur, mtu wa kunyoosha kola na kuuliza maswali mara mbili. Ghislain alifurahi. Kuoa kwa Séraphin Lufuko, alisema, ni kuoa penye mila.

Usiku ule Mujinga hakuchelewa kumweleza mumewe alichokiona mbele.

“Sasa tutaona. Weye unasumbuaka batu na vijiji vyabo, na weye mwenyewe ulizaliwa ku shamba ya ba Père!”

“Mujinga, naomba.”

“Tupigie kwetu, ku Manono. Nkambo yangu atakubali. Ile mwanamuke hajawahi kukatalia mbuzi hata siku moja.”

Séraphin hakucheka. Mbuzi wa nkambo hufuata upande wa baba, na katika Brussels nzima hapakuwa na mtu aliyeisisitiza kanuni hiyo kuliko yeye. Angeweza kusema ukweli mapema, faraghani, kwa Ghislain. Angeweza pia kulifuta jambo la simu, akasema nyakati zimebadilika. Badala yake akaenda Matonge, mtaa wa Wakongo, kwa rafiki yake Hénock.

Hénock alikuwa na duka dogo la simu katika galeri, ile njia ya maduka yenye paa, pembeni kidogo na Chaussée d'Ixelles. Kwao ni kijiji cha Kyolo, upande wa Malemba, na kila mwezi alizungumza na ndugu wa baba yake, mzee Kabulo. Walikaa nyuma ya kaunta, Séraphin akaeleza. Hénock alimsikiliza hadi mwisho, kisha akampiga begani.

“Bon. Njo hii tu inakukosesha usingizi? Papa Kabulo ataitika. Atasema Lufuko ni mutoto ya kwetu, mbuzi itakufa, batu batakula, batakuombea. Kijiji yangu haiishe juu ya weye kukaa ndani kidogo.”

“Na ba nkambo?”

“Beko mingi. Tutakupa bamoja.”

Ndivyo alivyoazima kijiji. Hénock angekuwa msemaji, kwa kuwa Séraphin, akiwa baba, alilazimika kunyamaza.

Mali ilipangwa kupokelewa Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, mchana, katika ukumbi wa parokia mjini Ixelles. Upande wa binti uliketi kulia, Séraphin katikati na mikono juu ya magoti, Hénock kando yake amesimama. Sisi wanawake tulikuwa nyuma, karibu na mlango wa jikoni; Anaïs alikuwa amefichwa katika chumba cha sakristia, akisubiri kuitwa. Upande wa mume ulichelewa kama ilivyo ada.

“Bageni,” Hénock alianza, “saa ya invitation ilikuwa quatorze heures, saa nane. Saa yenu inatembeaka kwa mafuta ao kwa makaa?”

“Ni bouchon, papa,” Ghislain alijibu. “Pale Porte de Namur magari haisogee.”

“Bouchon? Maman moja wa miaka sabini ametoka pale na mguu, na mufuko ya majani ya pondu ku kichwa, amefika mbele yenu. Muulizeni, ye ule.”

Kicheko kilipanda hadi darini. Upande wa mume ukatozwa kreti mbili za bia kwa kuchelewa, ukalalamika, ukapunguziwa, ukalipa. Ghislain akanyoosha kola.

“Donc, papa musemaji, shiye tulikuwa tunapita mu njia, tukaona maua muzuri mu uwanja ya lupango yenu.”

“Mulipita wapi? Lupango yetu iko juu, ku étage ya ine. Mulipanda ngazi ao mulipita ku dirisha?”

“Tulipanda ngazi, papa. Ascenseur ilikufa.”

“Ah, hapo ninaamini. Ile ascenseur inakufaka tangu mwaka jana.”

Hata Séraphin alitabasamu. Ilikwenda hivyo kwa muda, vitenge vikafunguliwa, blanketi la bibi likaguswa na kusifiwa, mpaka Hénock alipotoa simu mfukoni. Wote waliofahamu usemaji wa Séraphin walijua wakati huo, wakageukia meza bila kuambiwa. Ghislain alivua miwani. Simu ikawekwa juu ya meza, karibu na maikrofoni.

“Allô? Papa Kabulo? Unatusikia?”

“Ninasikia, mwanangu. Mbuzi iko hapa. Leta maneno.”

Mbuzi akalia, mtoto mmoja akacheka. Hénock akaeleza kwa kifupi nani anaoa nani. Mzee Kabulo akakohoa, akaanza. Alitaja jina la mwanamume, akasema ndiye aliyekata msitu na kuweka nyumba ya kwanza. Akataja mkewe. Akataja mtoto wao, na mke wa mtoto, na kaburi la huyu karibu na mti fulani, na la yule ng'ambo ya kijito. Alitaja polepole, kama mtu anayepita mlango hadi mlango akipiga hodi. Ghislain alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kisha mzee akasema:

“Hao bote njo ba nkambo ya Lufuko. Bote balizaliwa hapa, bote balikufa hapa. Shukuru Mungu, mu hii jamaa hakuna muntu hata moja alipotea.”

Séraphin akasimama.

Baba wa bibi arusi hasimami. Hénock alimshika mkono wa koti amrudishe kitini.

“Papa, weye hausemake leo.”

“Kata simu, Hénock.”

“Séraphin, kaa chini, batu banaangalia.”

“Kata.”

Hénock hakukata. Séraphin mwenyewe ndiye aliyeinama, akamshukuru mzee Kabulo kwa jina, akamwomba radhi, akabonyeza. Jikoni sufuria ilikuwa ikichemka.

“Munisamehe,” alisema. “Ile kijiji haiko yangu. Ni ya Hénock, aliniazima kwa upendo. Kosa ni yangu. Nkambo yangu mwanamuke alipotea. Baliuzisha yeye angali mutoto mudogo, na ba Père balimununua ku ziwa. Balimuuliza: kwenu ni wapi? Akajibu: kwetu. Balimuuliza tena, akajibu vilevile, akalia. Mutoto ya ile umri hajue jina ingine ya kwabo.”

Alisimulia kilichofuata kwa vipande, akisimama kila mara kupata pumzi, na mimi nitakiweka kwa mpangilio.

Hortense alipokuwa mtu mzima, yeye na mumewe, ambaye naye alinunuliwa, walipewa ruhusa ya kutoka misheni kwa msimu mmoja. Walichukua chumvi na kitambaa, wakaelekea magharibi, upande ambao yeye alikumbuka jua likizama wakati bado ana mama. Walipofika katika kijiji cha kwanza alisimama uwanjani akasema kwa sauti: mimi ni mtoto niliyechukuliwa, nani alipoteza mtoto wa kike? Mwanamke mmoja aliyekuwa akitwanga aliuacha mchi, akaja mbio, akamkumbatia, akalia. Akamwita kwa jina. Hortense alitaka kuamini. Walilala pale, wakala, lakini jina lile halikugusa chochote ndani yake. Asubuhi akaenda kijiji cha pili kuhakikisha. Huko wakatoka wanawake wawili, kila mmoja akamvuta mkono wake, kila mmoja akamwita jina lake. Katika kijiji cha tatu, kikongwe asiyeona alimpapasa uso kwa muda mrefu akasema, ni yeye. Kila kijiji walichofika kilikuwa kimepoteza mtoto wa kike. Hapakuwa na mahali ambapo hakusubiriwa.

Angeweza kuchagua. Yeyote kati ya mama wale angemficha ndani ya nyumba yake asimwachie tena. Lakini Hortense alirudi ziwani. Aliwaambia wajukuu, na baba yake Séraphin alikuwa mmoja wao, kwamba hakuthubutu kumkubali mama asiye wake, maana wake wa kweli alikuwa mahali fulani, naye amesimama akitazama njia. Na pia kwa sababu katika kila nyumba ambayo angeingia, angekuwa amekalia nafasi ya binti mwingine ambaye huenda yuko njiani.

“Ye alikatala kuazima mama,” Séraphin alisema. “Alirudi mikono mitupu. Na miye, muzee muzima, nimeazima kijiji nzima ili nionekane mutu mbele ya tonton Ghislain. Na nilimuliza papa Sudi wa Bujumbura mbele ya mutoto yake, juu ya jambo ile ile. Hii njo ukweli. Sina pahali pa kupeleka mbuzi.”

Akakaa.

 Ghislain alirudisha miwani machoni, akaangalia vitu vilivyokuwa mezani, akaomba nafasi ya kwenda kando na watu wake, kama desturi inavyoruhusu. Walitoka nje kwenye ua. Kupitia kioo tuliwaona wakizungumza, Désiré akiwa amesimama mbali nao kidogo, kwa kuwa mwoaji naye haruhusiwi kusema. Waliporudi, Ghislain hakukaa.

“Papa Séraphin,” alisema, “miye sikutukane. Mais mali inapokelewa na ukoo. Ukoo uko wapi? Kesho shida ikikuja, kifo, ugonjwa, tutamupigia nani? Weye mwenyewe ulitufundisha hivi. Na zaidi, ulitaka kutudanganya.”

“Ni kweli,” Séraphin alisema.

“Alors, tutarudisha vitu.”

“Ghislain!” Mujinga aliita kutoka nyuma, akisahau kila adabu. “Wanaume bote hii, na mawazo yenu ni ya bale banauzishaka batu! Balimuuza mutoto, na leo ni yeye anapewa aibu?”

Alisema kile ambacho wengi wetu tulipaswa kukisema, nasi tulikuwa tumeshika vitambaa vya jikoni. Blanketi likakunjwa. Vitenge vikarudishwa kwenye mifuko. Anaïs alitoka sakristia bila kuitwa, akiwa amevaa vazi lake la kuonekana mbele ya wakwe, akapita katikati ya ukumbi wakati vijana wakibeba kreti kuelekea mlangoni, akaketi karibu na baba yake. Désiré alibaki amesimama palepale, kati ya mlango na viti. Halafu naye akaketi, upande wa kulia.

Walifunga ndoa ya serikali majira ya kuchipua yaliyofuata, katika ofisi ya wilaya. Mama wa Désiré alikuja. Ghislain hakuja. Séraphin aliendelea na kazi yake Auderghem, na simu za Jumamosi zikapungua, kisha zikakatika. Suti ya kijivu aliivaa kanisani. Watu walipokutana naye sokoni walimsalimu kwa uangalifu, wakaharakisha. Alikwenda dukani kwa Sudi akiwa peke yake, na walichozungumza walikibakiza wao wawili.

Anaïs alijifungua mtoto wa kike mwaka 2014, na mwaka uliofuata wa kiume. Hapo ndipo watu walipoanza kuhesabu upya. Desturi yetu ni wazi, na Ghislain, mpenda desturi, aliijua vyema: mtoto ambaye mali ya mama yake haijapokelewa ni wa ukoo wa baba wa mama. Watoto wale wawili, kwa sheria ya wale waliowakataa, walikuwa wa akina Lufuko. Mwanamke aliyenunuliwa utotoni, aliyerudi ziwani mikono mitupu, sasa alikuwa na watu wake mjini Brussels, na hapakuwa na kikao chochote cha wazee kilichoweza kulikana jambo hilo.

Jumapili moja ya mwaka 2016 Ghislain alipanda ngazi hadi nyumbani kwa Séraphin na Mujinga. Alikuja na ndugu zake wawili. Alikuwa amebeba blanketi lilelile, au linalofanana nalo. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akanyoosha kola, akasema wamekuja kumaliza lile jambo, kwa kuwa watoto wanakua na mtoto wa kiume anahitaji kujua ni wa nani.

“Anajua,” Séraphin alisema. “Lakini sikukatalie. Amani ni kitu muzuri, na Désiré ni mutoto yangu. Kuna jambo moja tu. Desturi inasema mukubwa wa upande wa mume anarudilia kwa kinywa chake, mbele ya batu, kwenye bibi anatoka. Ili kesho asiseme hakuambiwa.”

“Oui, ni hivyo.”

“Basi simama useme.”

Ghislain aliangalia ndugu zake, nao wakaangalia zulia. Alisimama. Alianza kwa Kifaransa, Séraphin akatikisa kichwa, akaanza tena.

“Huyu Anaïs ni mutoto ya Séraphin Lufuko. Séraphin ni mutoto ya… kwabo ni ku misheni, ku ziwa. Nkambo yabo Hortense…” Alitafuta neno. “Nkambo yabo alitokea mbali.”

“Alitokea namna gani?”

Jikoni maji yaliyokuwa yakitiririka yalifungwa. Anaïs alikuwa mlangoni na mtoto kiunoni. Séraphin hakumhimiza mgeni wake, wala hakumsaidia. Alimngoja, kama alivyozoea kuwangoja wazee wa Auderghem wanaojaribu kuinuka wenyewe kitandani.

“Baliuzisha yeye,” Ghislain alisema kwa sauti ya chini. “Baliuzisha yeye akiwa mutoto. Balimununua, hawakumurudisha kwabo. Alitafuta kwabo na mguu. Kila kijiji ilimulilia.”

“Mujinga,” Séraphin aliita, “umesikia?”

“Sijasikia muzuri,” Mujinga alijibu kutoka jikoni.

Ghislain akasema tena, yote, tangu mwanzo, kwa sauti iliyofika jikoni na pengine hata kwenye ngazi. Alipomaliza jasho lilikuwa limemtoka. Séraphin alivuta kiti kingine, akakiweka karibu na meza.

“Sasa kaa, tonton,” alisema. “Tuanze.”